Ratiba ya Rangi Tatu

Ratiba ya marudio ya dakika za mwisho ndiyo maandishi nadhifu kuliko yote anayowahi kuandika mfinalisti wa ualimu, yaani mwanafunzi wa mwaka wa mwisho. Mistari hupigwa kwa rula, saa huandikwa kwa biki nyekundu, masomo kwa biki ya buluu, na neno «kupumzika», ambalo halitatumika hata siku moja, kwa biki ya kijani ya kuazima. Huko Nyamitaba, juu kwenye vilima vya Masisi, karatasi hiyo hubandikwa ukutani kando ya kalenda ya parokia na kuanza kuwatisha watu wa nyumbani. Saa kumi alfajiri: Pedagogia. Saa kumi na moja: Saikolojia. Saa kumi na mbili mpaka saa moja: Hisabati, na mbele yake, kwa ujasiri mkubwa, «yote». Hakuna mstari wa kuchota maji. Hakuna mstari wa mvua inayopiga bati mpaka mtu anayejisomea kwa sauti asijisikie mwenyewe. Ng'ombe wa jirani, ambao katika Masisi hupita watakapo, hawakushirikishwa katika mipango. Watu huicheka ratiba hii kwa kuwa imechelewa, imechorwa zikiwa zimebaki siku kumi au tano kabla ya mtihani. Nadhani wanacheka pasipostahili. Kuchelewa ni dhambi ndogo. Kituko ni kwamba mchoraji wake anakaribia kupewa hati ya kuwapangia watoto wa watu masomo, na katika kujipangia ya kwake amevunja kila kanuni anayojiandaa kuikariri.

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa, aliyezoea kwamba mtu humaliza sekondari kwanza ndipo aende chuo cha ualimu, anahitaji maelezo kidogo. Kongo humwandaa mwalimu wa shule ya msingi ndani ya sekondari yenyewe, katika mkondo unaoitwa humanités pédagogiques. Mlango wa kutokea ni Exetat, mtihani wa taifa unaofanywa tangu 1967. Anayepata nusu ya alama hupewa diploma, watu wakamwita «D6», na anaweza kusimama mbele ya darasa la msingi. Anayetaka kufundisha sekondari huibeba diploma hiyohiyo kwenda kubisha hodi kwenye Institut Supérieur Pédagogique, iwe ya Goma au ya Bukavu. Kwa hiyo mtihani mmoja humtoa mtu na kumwingiza kwa wakati mmoja, na ndiyo maana biki huwa tatu. Insha ya Kifaransa, mahojiano ya Kifaransa na majaribio ya vitendo hutangulia kwa majuma kadhaa, kisha huja siku nne za maswali ya kuchagua jibu. Tarehe hutangazwa kutoka Kinshasa, ambako saa iko nyuma ya ile ya Kivu kwa saa moja nzima, hivi kwamba mfinalisti wa Nyamitaba ana haki ya kudai kwamba tangu mwanzo taifa limemchelewesha.

Sasa ifunguliwe kaye, yaani daftari, ya didaktiki, ambayo ratiba imeipangia saa tisa usiku. Inasema somo moja liwe na lengo moja linaloweza kupimwa. Inasema mwalimu atoke kwenye linalojulikana aende kwenye lisilojulikana. Inasema fishi, karatasi ya matayarisho ya somo, ianze kwa kukumbusha somo lililopita, ifuate motisha, litangazwe somo, ndipo uje uchambuzi, kisha muhtasari, na mwishowe zoezi la kupima kama mtoto ameshika. Mfinalisti anaijua njia hiyo kwa miguu yake. Ameipita katika mazoezi ya kufundisha, shati limepigwa pasi, mbele ya watoto wa darasa la pili, akatumia nusu saa nzima kuwaonyesha namna ya kutoa 7 katika 15, na aliwaletea maharagwe ya kuhesabia. Nusu saa, lengo moja, maharagwe kumi na matano. Nafsi yake mwenyewe ameipangia Mapinduzi ya Ufaransa, mzunguko wa damu na kanuni za Mendel kati ya saa mbili na saa tatu usiku, bila hata haragwe moja. Kukumbusha hakumo, maana somo lililopita nalo halikusomwa. Motisha ni baba, anayepita mlangoni na kuuliza kama karo ile ilikuwa ya bure. Anakariri kwamba Ovide Decroly, daktari wa Ubelgiji aliyefungua shule ya Ermitage mjini Brussels mwaka 1907, alitaka mtoto ajifunze kutokana na mambo yanayomgusa. Anakariri jina, mwaka na mji, na usiku huo hakuna kinachomgusa isipokuwa baridi. Mkaguzi angeingia chumbani saa hiyo na kuomba fishi ya somo, mwalimu na mwanafunzi, ambao ni mtu mmoja, wangeandikiwa barua ya onyo wote wawili.

Kanuni hizo hazikuwekwa ili kuwapa kazi wakaguzi. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana yoyote (mateso ambayo mfinalisti wa sarufi ya Kifaransa atayatambua mara moja), alichapisha matokeo yake mwaka 1885. Baada ya siku moja tu, faida iliyobaki ya kazi yake ilikuwa kama thuluthi moja. Aligundua pia kwamba marudio 38 yaliyogawanywa katika siku tatu yalimfaa sawasawa na marudio 68 yaliyorundikwa katika siku moja. Tofauti ni marudio 30, na kila mtu anajua yalitolewa wapi: kwenye usingizi. Kisha mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi matini mafupi. Wengine waliyasoma mara mbili. Wengine waliyasoma mara moja, wakafunga, wakaandika walichokumbuka. Baada ya dakika tano waliosoma mara mbili waliongoza, 81 katika mia kwa 75. Baada ya juma moja mambo yaligeuka: waliosoma tena walibaki na 42, waliojipima wakabaki na 56. Dakika tano hizo ndizo mlaghai mkubwa wa wafinalisti. Mtu anafunga kaye, anahisi kichwa kimejaa mpaka shingoni, anapiga tiki nyekundu kwenye ratiba na kuhamia somo jingine kwa furaha ya haki. Lakini Exetat haifanywi baada ya dakika tano, na tiki nyekundu haina alama hata moja.

Ratiba kama utabiri nayo imekwisha kupimwa. Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake, Kanada, waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakiandika tasnifu watamaliza baada ya siku ngapi. Walikisia 34 kwa wastani. Wakaulizwa: na kila kitu kikiharibika kabisa? Wakasema 49. Walimaliza baada ya siku 55 na ushei. Kwa maneno mengine, hata walipojitahidi kukata tamaa, walikata tamaa kidogo mno. Na hao walikuwa na umeme, maktaba na barabara ya lami. Mfinalisti wa Nyamitaba, ambaye taa yake hutegemea kama jua lilitoka mchana, anakisia kwa matumaini yaleyale ya Kanada.

Hapa atanyanyuka mtu kwa hasira, naye ana haki. Atasema: unamzungumzia didaktiki mtoto ambaye mwaka wake wa shule ulikatwa na risasi? Masisi imeonja vita tangu 1993, M23 walirudi mwishoni mwa 2021, familia zimekimbilia pembezoni mwa Goma, zimerudi, zimekimbia tena, na kaye nyingi zilibaki njiani. Mtoto huyo hakuchelewa, alicheleweshwa. Nakubali neno kwa neno, na hapo sicheki. Lakini jambo hilo haliitetei ratiba ya ukutani, linaihukumu zaidi. Aliyenyang'anywa miezi mitatu ndiye asiyeweza kabisa kuzitoa sadaka siku kumi alizobakiwa nazo kwa kusoma tena na tena kile atakachokisahau kesho. Tena ratiba ile ya rangi tatu imechorwa kwa ajili ya nchi iliyotulia, ambako saa moja hufuata saa nyingine bila kuomba ruhusa. Ikiruka saa mbili, jengo lote huanguka, na mwenyewe hutumia jioni kuchora nyingine, nzuri zaidi, kwa rangi nne. Karatasi ndogo ya kujipima, yenye maswali kumi na majibu kwa nyuma, yenyewe hukaa mfukoni. Ikibidi kuondoka usiku huondoka nawe, na ukutani hakubaki kitu cha kulilia.

Pingamizi la pili ni la baba mdogo. Karibu kila familia inaye mmoja aliyekesha usiku kucha miguu ikiwa ndani ya beseni la maji baridi, akameza kaye zote kwa siku nne, akafaulu, na amelisimulia beseni hilo kwenye kila harusi tangu hapo. Simbishii. Nauliza tu walipo wenye mabeseni wengine. Siku ya matokeo, simu zikisha kuleta asilimia, waliofaulu humwagiwa poda nyeupe kichwani na kutembezwa barabarani kwa nyimbo, hata mtalii aliyepotea angewatambua. Walioanguka hawapakwi kitu. Wamo ndani, na beseni limerudishwa kuoshea vyombo. Kwa hiyo ushahidi wa kukesha hutujia wenye poda peke yao, na kijana wa miaka kumi na tisa huhitimisha kwamba maji baridi hufundisha pedagogia. Baba mdogo mwenyewe huenda alifaulu kwa sababu ya miaka minne ya kuhudhuria darasani, lakini nani atasimulia kuhudhuria kwenye harusi?

La tatu halisemwi kwa sauti. Kuna ratiba ambazo zina nafasi nyeupe kubwa usiku wa mwisho, na nafasi hiyo ni ya WhatsApp, ambako maswali «yenyewe, ya kweli, kutoka juu» yanatarajiwa. Wanaoyangoja hushinda usiku wakitafuta mtandao kwenye kilima chenye mnara, hulipia megabaiti kwa fedha ya mandazi, na hupata orodha ya majibu bila maswali. Watahiniwa wanaokaa jirani hupewa mfululizo tofauti wa maswali, basi orodha hiyo, hata ingekuwa ya kweli, ingehitaji ufunguo, na ufunguo ungehitaji kujua somo. Sitalirefusha. Ni marudio magumu kuliko yote na hayana silabasi.

Linabaki la mwisho, ambalo ndilo gumu kidogo: siku zimebaki kumi, anayetaka kujifundisha kwa fishi ataiandika lini? Kuandika fishi si ndiko kuchora ratiba kwa jina jingine? Lingekuwa kweli kama fishi ingeongeza kitu. Kazi yake ni kupunguza. Mtu anayejitayarisha kama anavyowatayarishia watoto wa darasa la pili hulazimika kujiuliza leo atakuwa ameweza nini jioni, na swali hilo halivumilii neno «yote». «Hisabati yote» inakuwa «kutatua milinganyo ya daraja la pili bila kuangalia kaye». Mapinduzi ya Ufaransa yanasogea kesho, na kanuni za Mendel labda zinaachwa, zikilala hukohuko katika iliyokuwa Milki ya Austria zilikozaliwa. Kuacha ndiko kunakouma. Prefe, mkuu wa shule, hapendi kusikia, mzazi hapendi, na mfinalisti huona haya, kwa sababu ratiba iliyojaa inaonyesha bidii hata isiposomwa, ilhali yenye mistari mitatu inaonyesha uvivu hata ikitimizwa yote. Lakini nusu ya alama ndiyo inayotakiwa, na nusu hupatikana kwa yale yaliyoshikwa, si kwa yale yaliyopitiwa macho. Aidha, huko mbele kuna darasa ambalo limefurika tangu elimu ya msingi ya serikali ilipofanywa bure mwaka 2019, ambako mipango ya mwalimu huvunjika kabla ya kengele ya kwanza na kinachobaki ni kujua kipi kiachwe.

Zoezi la kupima halihitaji vifaa. Katika nyumba nyingi yupo mdogo wa darasa la tano ambaye hana kazi jioni zaidi ya kungojea sombe, yaani kisamvu, iive. Apewe kaye, aambiwe aulize. Mwalimu wa darasa angekubali jibu la kukaribia, mdogo hakubali. Neno likikosekana moja anasema umekosa, anasema kwa sauti, na mama aliye jikoni anasikia. Hajui Decroly ni nani, hajali, na kwa sababu hiyo ni mtahini mwadilifu kuliko wote wa wilaya. Akichoka baada ya nusu saa aachwe akacheze, wala asiitwe tena mpaka kesho. Sababu imo kwenye kaye ya didaktiki, katika ukurasa ule uliokuwa umepangiwa saa tisa usiku.