Likizo ya Walinzi

Mlinzi wetu wa usiku kwao ni Singida, na kila mwaka alizeti ikikomaa huomba ruhusa akavune. Hatumnyimi. Wezi wa mtaani kwetu Tegeta wanajua nyumba ina mbwa, na Simba ana sauti ya kumkumbusha mtu madeni aliyokwisha kuyasahau. Shida ni kwamba mlinzi huyo ndiye mpishi wao. Ndiye anayewakorogea dona na dagaa jioni, na akisafiri tu, mbwa wanaingia kwenye mgomo: wanaitazama sufuria, wanamtazama aliyeishika, wanakwenda zao kulala.

Mwaka jana mgomo uligongana na likizo ya shule, nasi tulikuwa tumeshampigia simu shangazi yake baba watoto kule Lushoto kwamba tunakwenda. Jirani wa kulia tulipomwomba atulishie mbwa, akakumbuka ghafla kuwa naye ana safari. Wa kushoto hatukumwuliza. Suruali yake ya kijivu ina kiraka hadi leo, na anajua kilitoka kwa nani. Ikaamuliwa kwamba maadamu mlinzi mmoja yuko likizo, na hawa wawili waende.

Kitinda mimba wetu, ambaye ana miaka minane na husoma kila kibao cha barabarani kwa sauti, akapendekeza tukapige hema Mkomazi, kwa kuwa ni mbele tu ya Mombo. Nikamweleza kuwa hifadhi za taifa hazipokei mbwa wa kufugwa, hata awe na cheti cha chanjo. Mwaka 1994 distempa ilipita Serengeti ikaua karibu theluthi ya simba wote, na wataalamu walipoufuatilia ugonjwa nyuma wakafika kwa mbwa wa vijijini, ambao hawakuwa na kosa zaidi ya kupiga chafya. Ndiyo maana mbwa wa kandokando ya Serengeti wakawa wanachanjwa kwa kampeni.

“Kwa hiyo Mkomazi hakuna mbwa?”

Wapo, nikasema. Mbwa mwitu. Wamezalishwa humo kwa uangalizi mkubwa ili wasitoweke.

Akafikiri kidogo. “Basi Simba akiacha kazi akawa mwitu, watampokea.”

Nikamwambia apande gari.

Njiani askari wa usalama barabarani alitusimamisha, akachungulia dirisha la nyuma. Akahesabu watoto wawili, mbwa wawili. “Hawa wamefunga mikanda,” akasema akiwaonyesha watoto. “Na hawa?” Baba watoto akajibu kwamba hao ni mizigo. “Mizigo inanitolea meno?” Simba alikuwa kazini. Gari lile alikuwa ameshalikubali kuwa geti lake, na mtu aliyeingiza kichwa dirishani alikuwa mtu wa kwanza siku hiyo kumpa shughuli. Askari akarudi hatua mbili, akatutakia safari njema kutoka hukohuko.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 33 tu, lakini ndani ya kilomita hizo unapanda karibu kilomita nzima kwenda juu, kona baada ya kona, ukuta wa mwamba upande huu na bonde upande ule. Wajerumani waliokuwa wakikimbia joto walikwenda kupoa huko, mji wakauita Wilhelmstal. Popi, ambaye ni kijibwa cheupe kisichozidi urefu wa ndoo, hakuvutiwa na historia. Aliishiwa uvumilivu kabla ya Soni. Tulisimama kwenye maporomoko, wageni wakiyapiga picha maji, sisi tukiyachota.

Shangazi alitupokea uani kwa vigelegele, kisha vigelegele vikakatika.

“Karibuni, wanangu. Na hao?”

“Walinzi, shangazi,” akasema baba watoto.

“Mnalindwa na nani, na mko kwangu?”

Ijulikane kuwa shangazi ni mtu wa swala tano na wa madhehebu ya Shafii, kama ukoo mzima. Mate ya mbwa yakigusa chombo, kinaoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Kwetu Dar es Salaam jambo hili halina ugumu: mbwa wana banda lao, wana sufuria yao, hawajui sebule ina rangi gani. Kwa shangazi hakuna banda. Kuna nyumba, kuna uwanja, kuna shamba la mahindi na kabichi linaloteremka hadi kijitoni. Watoto wakatangaza kwamba mbwa wakilala nje, na wao nje. Baba watoto, aliyeona haya yote yakija tangu Tegeta, akafungua buti na kutoa hema.

Hema lilikuwa la kuazima kwa rafiki yake anayepandisha wageni Kilimanjaro, na kwa maelezo ya mwenyewe ni la watu watatu. Hakusema watatu wa ukubwa gani. Tulilisimamisha ukingoni mwa shamba, kama hatua hamsini kutoka mlangoni kwa shangazi, na hapo ndipo tabu ya kijamii ilipoanza. Maana kule kupita mbele ya nyumba ya mtu bila kusalimia ni utovu wa adabu, na kila aliyepita akasalimia, akaliona hema, akamwona mwana wa nyumba anapigilia vigingi, akapunguza sauti. “Poleni.” Hakuna aliyeuliza kwa nini. Bibi mmoja alileta mahindi ya kuchoma kwenye kanga, akanishika mkono, akaniambia mambo ya ndoa na wakwe yana mwisho wake. Mzee mwenye banda la kuku upande wa pili wa njia alimvuta baba watoto pembeni akajitolea kusuluhisha. Shangazi naye akasimama mlangoni akimtangazia kila mpita njia: “Vyumba vipo! Vitanda nimetandika! Wamependa wenyewe!” Kadiri alivyotangaza ndivyo kesi ilivyozidi kuonekana kubwa.

Lushoto mwezi wa sita usiku si mahali pa kuvaa kanzu nyepesi. Mtu wa Tegeta huko ndiko anakojua kazi ya soksi. Watoto walilala katikati, Popi akajipenyeza kati yao, mimi na baba watoto tukawa kuta. Lakini Simba hakulala. Mbwa huyu hajawahi kuishi mahali pasipo na geti. Alizunguka shamba lote akitafuta geti la kulinda, akajaribu kichaka cha migomba, akajaribu gari, mwisho akaisikia zipu ya hema ikifungwa. Akaelewa. Kitu kinachofunguka na kufungwa, watu wakiwa ndani. Akajilaza hapo, akavuta pumzi ya mtu aliyerudishwa kazini.

Saa nane usiku baba watoto alitoka kujisaidia. Kwa kutoka hapakuwa na neno. Simba huwa hahoji wanaotoka. Alirudi amejitanda blanketi la shangazi hadi masikioni, tochi ikiwaka kwenye paji la uso, na Simba hakuona katika umbo lile kitu chochote alichowahi kutambulishwa. Nilisikia mngurumo, nikasikia mume wangu akijieleza. “Simba. Ni mimi. Simba, nani anakununulia dagaa?” Mngurumo ukapanda. Nilitoa kichwa nikasema, “Huyo ni baba,” na Simba akanigeukia kwa macho ya mtumishi mwaminifu ambaye bosi wake amelazimishwa kuongea na majambazi. Baba watoto akalala garini. Alfajiri shangazi alimkuta humo na birika la chai mkononi, akasema maneno mawili tu, “Vyumba vipo,” akaendelea na njia yake.

Kisha hondohondo wakaamka. Wasiowajua niwaeleze: ni ndege wakubwa weusi wenye mdomo wa ajabu, wamejaa misitu ya Usambara, na wakiruka mabawa yao yanavuma utadhani treni la mizigo linapita juu ya mti. Wakikaa, hupiga kelele za mtoto anayenyimwa kitu. Kundi zima lilipita juu ya hema letu. Simba, aliyemkatalia baba mwenye nyumba kuingia, aliingia yeye. Hakupitia mlangoni. Alipitia ukutani, upande wangu, na hema la watu watatu likawa na dirisha.

Asubuhi hiyo pia Popi aliramba sufuria ya uji. Ya shangazi. Ile kubwa. Watoto wakatumwa kijitoni, wakaanza kuosha, maji baridi yanauma vidole, na walipomaliza ukazuka ubishi. Mkubwa alihesabu saba. Mdogo alihesabu sita, kwa hoja kwamba ile ya udongo ni kuchafua, si kuosha. Kesi ikapelekwa kwa shangazi, naye akahukumu kwamba penye shaka hurudiwa tangu mwanzo. Wakarudia. Popi alikaa pembeni muda wote akitazama sufuria yake ikiandaliwa.

Tulipanga kwenda kwa miguu hadi kwenye genge la Irente, na baba watoto alikuwa ameipania safari hiyo kwa sababu ya Mbegha. Yeye ni Msambaa aliyekulia Kariakoo, na watu wa namna hiyo huipenda historia ya kwao kuliko waliobaki nayo. Tukipanda kati ya mashamba ya viazi na miti ya mapeasi akawasimulia watoto, jinsi Abdallah bin Hemedi alivyoyaandika katika Habari za Wakilindi: kwamba Mbegha alikuwa mwindaji kutoka Ungulu, akaja milima hii na mikuki yake na mbwa wake, akawaua nguruwe mwitu waliokuwa wakimaliza mazao, nyama akawagawia watu. Halafu akamwua simba, na watu wa Vugha wakamfanya mfalme wao, na wafalme wa ukoo wake wakaitwa Simba Mwene. Nadhani ndiyo simulizi pekee ya ufalme ninayoijua ambamo mbwa wana sehemu ya heshima.

“Umesikia?” baba watoto akamwambia Simba. “Wenzako walisaidia kusimika dola.”

Simba hakusikia. Alikuwa nyuma yangu, kwa sababu mbele yetu palikuwa na mbuzi.

Irente unatembea kwenye njia ya kawaida kabisa, kisha nchi inakwisha. Chini, karibu mita 1,000, ni tambarare: mashamba ya mkonge ya Mazinde yaliyopigwa mistari, barabara ya Moshi na malori yasiyosikika, na upande wa magharibi nyika ya Wamasai inakwenda hadi macho yachoke. Nilinyamaza kwa dakika nzima, jambo ambalo watoto wanasema halijawahi kutokea. Popi alikwenda hadi kwenye ukingo, akachungulia, akabweka mara moja kuiarifu Mazinde kwamba amefika. Simba alilala kifudifudi hatua ishirini nyuma, miguu minne imeshika ardhi, akakataa kwenda mbele. Tulipotaka kuondoka akakataa pia kurudi nyuma. Baba watoto akambeba mabegani kama mwanakondoo, kilo zote zile, hadi ukingo usipoonekana, tukapishana na vijana wawili wanaoongoza wageni. Mmoja akauliza kwa upole kama mbwa ni mgonjwa. “Ni mlinzi,” akajibu baba watoto akihema.

Tulirudi alasiri. Kutoka mbali Simba akabadilika. Masikio yakasimama, akachomoka, akaingia hemani kwa dirisha lake mwenyewe, na ndani ya hema kukatokea vurugu fupi ya manyoya. Jogoo wa yule mzee wa banda la kuku alikuwa ameingia kupitia tundu, akila mabaki ya mikate juu ya mablanketi yetu. Katika maisha yake yote ya kazi Simba hakuwahi kumkamata mwizi ndani ya nyumba. Alitoka naye mdomoni, akamlaza miguuni pangu, akakaa wima.

Mzee alikuja bila haraka. Wakakaa, yeye na baba watoto na shangazi, kwenye benchi la mbele ya nyumba. Baba watoto akaeleza kuwa marehemu alikutwa ndani ya makazi ya watu. Mzee akajibu kwamba jogoo wake ana miaka mitatu anapita pale na hajawahi kukuta makazi ya watu, amekuta shamba. Shangazi akaafiki, akanitupia jicho lililosema vyumba vipo.

Likaja suala la kitoweo. Mdogo wetu akauliza kama hatuwezi kumla, maana amesikia madrasa kwamba windo la mbwa ni halali. Shangazi akafurahi kuulizwa. Akamweleza kwamba hilo ni la mbwa aliyefundishwa kuwinda, akatumwa na mwenyewe, kwa bismillahi. “Huyu nani alimfundisha? Nani alimtuma? Na jogoo wa mtu tangu lini akawa windo?” Kwa hiyo jogoo alikuwa mzoga, na mzoga hauliki, na mwenye jogoo hawezi kuudai wala mwenye mbwa hawezi kuupika. Akabaki mlaji mmoja tu. Baba watoto akahesabu noti kwa bei ambayo hapo awali niliijua kuwa ya beberu, na Simba, aliyegoma kula tangu Tegeta, akabeba kilicho chake hadi nyuma ya migomba. Popi akapewa miguu.

Mzee alizikunja noti, akazitia mfukoni mwa koti, akanywa chai yote na kuomba kikombe cha pili. Moyo wake ulikuwa umetulia kabisa. Akaliangalia hema, tundu lake likipepea kwa upepo, akamwangalia baba watoto.

“Mnaondoka lini, mwanangu?”

“Keshokutwa, mzee, inshallah.”

“Aa, vizuri,” akasema, akageuka kumwita mjukuu wake ng’ambo ya njia. “We kijana! Kesho asubuhi yule mtetea mzee usimfungie!”