Mshenga Kafa Bwawani

Gari la kawaida likiharibika barabarani, watu husema pole na kupita. Gari la michezo likiharibika, watu huvuta viti.

Langu ni jekundu, la milango miwili, na limelala chini kiasi kwamba kabla ya kuvuka tuta lazima utie nia. Lilitoka Japani likiwa limeshafikisha umri wa kupiga kura. Lina gia za mkono, tano za kwenda mbele na moja ya kurudi nyuma, na spidomita yake imeandikwa mpaka 240. Mke wangu alipoliona mara ya kwanza aliuliza watoto watatu watakaa wapi. Nikamwambia watoto hukua. Akasema ndiyo maana anauliza.

Jumamosi hiyo nilikuwa mshenga. Mpwa wangu alikuwa amepata mchumba Morogoro, na ukoo ukanituma mimi na Baba Mdogo tupeleke barua ya posa. Saa nane mchana tulitakiwa tuwe tumeshakaa mkekani kwa wakwe. Kutoka Dar es Salaam ni kama kilomita 190, na jirani alishajitolea kutupeleka kwa Noah yake. Nikakataa. Posa ni heshima, nilisema, haipelekwi na gari linalobeba watoto wa shule. Baba Mdogo, mwenye miaka 71 na goti moja tu linalokunjika, tukamwingiza kiti cha mbele kama barua inavyoingizwa kwenye bahasha. Kitambaa chenye posa na hela ya kishika uchumba alikipakata mwenyewe.

Sasa niseme ukweli. Wiki mbili nzima giaboksi ilikuwa inalia. Mlio mwembamba, kama nzi aliyefungiwa kwenye chupa. Ukikanyaga klachi unanyamaza, ukiachia unarudi. Tena kila asubuhi chini ya gari palikuwa na doa la oili, saizi ya chapati. Nikachukua hatua mbili: nikaongeza sauti ya redio, na nikahamia kuegesha kwenye mchanga, ambako doa halionekani.

Chalinze tulipita salama. Karibu na Bwawani tukakuta lori la saruji linapanda kilima kwa kujikongoja. Nikaona hapa ndipo pa kumwonyesha Baba Mdogo hela yangu ilikoishia. Nikatoa gia ya nne nikaitafuta ya tatu. Ikatoka sauti ya ndoo ya misumari inayoporomoka ngazi za zege. Ya tatu imegoma. Nikarudi ya nne, nayo imesusa. Ya pili iliingia, ikaruka nje hapohapo. Kijiti cha gia kikawa kinazunguka mkononi mwangu kama mwiko kwenye uji mwepesi. Lori likaenda zake bila hata kujua kwamba lilikuwa linashindanishwa.

Gia moja tu ndiyo iliyokubali: rivasi. Iliingia kwa adabu, bila kukohoa. Nikawasha taa za hatari, nikaanza kurudi kinyumenyume pembezoni mwa barabara, natafuta kivuli.

"Mwanangu," Baba Mdogo akauliza, macho mbele, "ndo tunarudi Dar hivihivi?"

Tukasimama chini ya mwembe, na ndani ya dakika tano mkutano ukawa umetimia. Pembetatu nilikuwa nayo, lakini kijana mmoja alisema ni ndogo, akakata matawi na kuyapanga barabarani kama yanavyopangwa nyuma ya semitrela iliyokufa. Mtoto wa miaka kama minane alilizunguka gari mara mbili, akaligusa taa, akasema kwa huruma ya kweli: "Kumbe na haya hufa?" Utingo mmoja akachungulia dirishani, akaiona spidomita.

"Mzee, hili linafika mia mbili na arobaini?"

"Linafika Bwawani," akajibu Baba Mdogo.

Fundi alikuja kwa bodaboda, spana zake kwenye kiroba cha mchele. Alimwamkia Baba Mdogo, akalala chali ili aingie uvunguni, akakwama kifuani. Gari liko chini mno. Ikabidi vijana walete jembe wamchimbie. Mama mmoja aliyefika wakati huo akiwa na beseni la ndizi kichwani aliuliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Giaboksi kama ile hubeba oili ya lita 2 hivi. Fundi alipofungua nati ya chini kilichodondoka hakikuzidi dozi ya dawa ya kikohozi. Akaisugua kati ya kidole gumba na cha shahada, akaviinua vidole juani. Vikameremeta.

"Unaona, bosi? Dhahabu."

"Yangu?"

"Ilikuwa."

Akanifafanulia vizuri kuliko kitabu chochote. Ndani ya giaboksi, alisema, kuna gia na kuna shafti, na kila kimoja kinazunguka kwa mwendo wake. Ukivikutanisha ghafla ni ugomvi wa meno kwa meno. Ndiyo maana katikati pamewekwa pete ya shaba. Pete hutangulia, humgusa huyu, humpunguza mwendo, humsogeza mpaka walingane, ndipo wafunge ndoa. "Yule ndiye mshenga," akasema. "Sasa oili ikivuja, mshenga anasagika. Hiyo dhahabu ndiyo yeye. Mshenga hafi kwa kazi, bosi, hufa kwa ukavu."

Nikauliza mbona rivasi ilikuwa nzima. Akasema kwenye giaboksi kama hii rivasi haina mshenga. Ilijiolea yenyewe, haidaiwi na mtu.

Akajifuta mikono. "Kwani mlikuwa mnaelekea wapi?"

"Kupeleka posa," akasema Baba Mdogo.

"Na mshenga ni nani?"

Baba Mdogo akaninyooshea kidole. Fundi akaviangalia vidole vyake, akaniangalia mimi, akaanza kukusanya spana.

Giaboksi ya mtumba niliipata baadaye Gerezani, kule Dar. Kwa bei ile nililipa zaidi ya mahari ya mpwa wangu, na sikupewa hata mke. Lakini siku hiyo tuliliacha gari chini ya ulinzi wa yule mtoto, tukasimamisha lori. Lilikuwa la saruji, na naomba msiniulize kama ni lilelile. Baba Mdogo alipewa kiti kizuri kando ya dereva, akakunjua goti lake kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akasema hili ndilo gari. Mimi nilipanda nyuma, juu ya mifuko, na kanzu yangu nyeupe.

Tuliingia kwa wakwe saa kumi na nusu. Wazee hawakusema neno. Walitupiga faini ya kuchelewa, kisha mmoja akaitazama kanzu yangu na kuongeza faini ya pili, ambayo haikupewa jina. Baba Mdogo akalipa, akafungua kitambaa, akaitoa barua haina hata mkunjo.

Nilikuwa nimekaa pembeni ya mkeka, koo limekauka, kila nikipumua natoa saruji, naogopa hata kujifuta jasho nisije nikaganda. Mlangoni akasimama mama wa binti na sinia la pilau. Akatupitia wote kwa macho, akaja kuishia kwangu.

"Jamani," akasema, "mshenga kala?"

Nilikula sahani tatu. Ushauri wa fundi haupuuzwi mara mbili.