Sembe au Dona?

Jamani, mimi nina miaka 43. Katiba ya Tanzania inasema ukitimiza 40 unaruhusiwa kugombea urais. Yaani kwa umri tu, naweza kukabidhiwa nchi, jeshi, bandari, vyote. Unga siwezi.

Mama watoto kaenda Tanga kumuuguza mama yake. Kaniachia hela mezani na kauli moja: "Utajua mwenyewe." Nitajulia wapi? Nimetoka mikononi mwa mama nikaingia mikononi mwake, hapo katikati sikupewa hata wiki ya kujaribu. Shati nalikuta kitandani limeshapigwa pasi. Nyama naikuta kwenye sahani. Leo ndiyo nijue mwenyewe?

Haya, dukani kwa Mangi. Nataka unga. "Sembe au dona?" Nikamwambia wa ugali. Watu wakageuka kuniangalia. Nikahamia kwenye mchele, nikidhani huko kuna amani. "Kyela, Shinyanga au Morogoro?" Kumbe mchele nao una kwao! Nikauliza upi mzuri, eti inategemea unapika nini. Sasa najuaje napika nini na hata kununua bado sijanunua?

Nyuma huko foleni inaguna. Mara mkono mdogo ukapenya chini ya kwapa langu, umeshika jero. Katoto. "Shikamoo baba. Nipishe kidogo, wewe endelea kufikiria." Marahaba. Nikapisha. Kakachukua chumvi, kakahesabu chenji, kakaondoka kanaruka ruka.

Nikampigia mama watoto. Hapatikani. Nikapiga tena, yule dada wa mtandao akaniambia nijaribu baadaye. Baadaye nitakuwa nimeshakufa njaa, dada.

Ikabidi nisogeze mdomo kwenye nondo za dirisha, ninong'one: "Mangi, kwani sisi nyumbani huwa tunakula nini?"

Wala hakuwaza. Dona kilo mbili, Kyela kilo tatu, mafuta ya kupima, maharage ya njano. "Mekundu hapana, mama anasema yanakujaza gesi." Kasema kwa sauti ya kawaida kabisa, foleni nzima ikasikia. Mimi mwenyewe gesi hiyo nilikuwa naisingizia makande!

Kafunga kila kitu vizuri, halafu kavuta daftari. Kuna deni la mwezi uliopita. Nalipa lote au napunguza?

Nikamwambia hilo amsubiri mama watoto.