Barua ya wazi kwa Mheshimiwa asiyesikia harufu

Mheshimiwa unayesimamia ujenzi ule,

Sisi wa Mgogoni hatujambo, ila pua.

Kwanza shukrani. Tangu kijiko kianze kuchimba msingi pale palipokuwa jaa, hakuna mgeni anayelala kwetu siku ya pili, na sukari inadumu. Udi tuliouweka kwa harusi ya binti yetu umekwisha kwa kufukizia ukumbi. Mama yake hunywa chai pindo la kanga likiwa puani: analishusha, anapiga funda, analirudisha mbio.

Afisa wako alikuja. Vioo vya gari vilikuwa vimepandishwa, akashusha kimoja upana wa vidole viwili, akatwambia, "Mtazoea." Hilo ndilo linalotutisha. Kinachonuka kama mayai viza ni hidrojeni salfaidi, gesi ya taka zinazooza bila hewa. Pua huisikia hata ikiwa chini ya sehemu moja katika milioni. Ikifika sehemu 100 hivi, pua hufa ganzi, na mtu akadhani imeondoka. Kumbe ndiyo kwanza imekolea.

Mkandarasi naye kaleta pipa la dawa ya marashi. Sasa tunasikia mayai viza yaliyotiwa waridi. Katika kunukia, Mheshimiwa, Mpemba hafundishwi: pale Wawi kuna kiwanda kinachotoa mafuta hata kwenye makonyo ya karafuu.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar, Namba 3 ya 2015, imeweka tathmini ya athari kabla ya mradi kuanza. Ya hapa kwetu, kama ipo, labda imo kwenye droo, nayo imezoea.

Tunayoomba hayana gharama kubwa. Chimbeni kipande kwa kipande, si kiwanja kizima kwa mkupuo. Jioni kilicho wazi kifunikwe kwa udongo safi au turubai. Taka iliyofukuliwa isilale hapo; iondoke siku ileile, gari likiwa limefunikwa. Na mtu mmoja afunge kitambaa juu ya mti autazame upepo, maana nyumba zetu ziko kaskazini mwa shimo: kusi ikivuma, yote ni yetu.

Majamvi ya karafuu yataanikwa karibuni, hatua chache kutoka hapo. Njoo mwenyewe, Mheshimiwa, alasiri moja, vioo vikiwa chini. Chai tutakupa, kanga ya kuzibia pua uje nayo.

Wako, mkaazi wa Mgogoni, Pemba