Namna ya Kuonekana Tajiri kwa Kidole Kimoja

Harusi ni Jumamosi, dada yangu, na safu ya mbele watakaa wale wanaokadiria bei ya mkono kabla ya kuupokea. Roho yako inataka pete ya nakshi za nyuzi za dhahabu, yakuti samawi katikati, amethisto pembeni. Pesa huna. Sogea nikunong'oneze.

1. Nunua matundu. Sonara huivuta dhahabu mpaka iwe uzi mwembamba, akasokota nyuzi mbili pamoja, akazikunja ziwe maua, kisha akazilehemu. Katikati ya maua ni hewa, na hewa haipimwi kwenye mizani. Kwa hiyo pete pana ya nakshi huweza kubeba dhahabu kidogo kuliko kipete chembamba cha kumiminwa. Wageni wataona upana. Mizani wataiacha dukani.

2. Shuka karati. Dhahabu ya karati 22 hupigwa muhuri wa 916, yaani karibu asilimia 92 ni dhahabu. Ya 18 ni 750, ya 9 ni 375. Muhuri hukaa upande wa ndani, na hakuna shangazi atakayekuvua pete mbele za watu. Akikuchokoza, mjibu kwamba karati 18 ni ngumu kuliko 22, hivyo kucha zinakishika kito vizuri zaidi. Ni kweli tupu. Ila ya kuchovya iache: kwenye nakshi huchubuka kingo kwanza, na kingo ndizo kila jicho linakotua.

3. Yakuti chukua ya kiwandani. Ya ardhini, ya Umba au Tunduru, itakula akiba yako yote. Mwaka 1902 Mfaransa Auguste Verneuil alitangaza njia ya kukuza yakuti nyekundu kwa kudondosha unga wa alumina ndani ya mwali wa moto, na miaka michache baadaye ya buluu ikafuata. Usidhani ni kioo. Ni madini yaleyale, ugumu uleule wa 9, na buluu yake inatokana na chuma na titani kama ya mgodini. Anayetaka kuitambua huhitaji lenzi, atafute mistari iliyopinda ndani yake, kwani ya asili mistari yake imenyooka. Nani anakwenda harusini na lenzi? Chagua ndogo kiasi, maana buluu kubwa isiyo na doa huamsha maswali. Ukiulizwa, sema "ni yakuti." Ukiulizwa ya wapi, sifia hereni za muulizaji, naye atasahau swali lake. Lakini siku ukiiuza, mwambie mnunuzi kila kitu. Ujanja wetu ni wa sherehe, si wa kumwibia mtu.

4. Amethisto nunua halisi, tena iliyokolea. Zamani ilihesabiwa pamoja na vito vya thamani kubwa, hadi karne ya 19 Brazil ilipotoa shehena kubwa na bei ikaporomoka. Heshima haikuporomoka: pete za maaskofu bado huwekwa amethisto. Wewe unalipa bei ya leo, unavaa cheo cha jana. Izungushie yakuti, na kila atakayeijua amethisto kuwa ya kweli ataiamini na jirani yake. Usiianike juani siku nyingi, hupauka.

5. Vaa mkono wa kushoto. Wa kulia utapeana salamu na kuingia kwenye pilau, na mafuta yakijaa kwenye nyuzi zile ni mswaki laini, maji vuguvugu na sabuni usiku kucha. Tena mkono wa salamu hushikwa, ukageuzwa, ukachunguzwa. Wa kushoto utautumia kutengeneza mtandio, polepole, kila mpiga picha anapopita.