Toa Nne

Muuguzi aliniuliza rais wa nchi hii ni nani. Nikamtajia, majina yote matatu. Akaniuliza leo ni siku gani. Nikamwambia Jumatatu, tarehe 28 Oktoba 2024, sikukuu ya Mitume Simoni na Yuda. Akaandika kitu kwenye karatasi yake, akanitazama kwa ule upole ambao vijana huwawekea wazee wanaoanza kusahau njia ya nyumbani, akauliza, "Na sasa hivi ni saa ngapi, babu?"

Nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne. Watoto wa darasa la pili niliwafundisha kusoma saa kwa boksi la sabuni lililokatwa duara, mishale yake vijiti vya ufagio. Nikatoa simu mfukoni, nikaisoma, nikamjibu bila kusita. Nikakosa.

Ukitaka kulifuata kosa hili hadi lilikoanzia, utafika Leicester.

Leicester ni mji wa Uingereza, lakini kwetu ni mtu. Kwenye kundi letu la WhatsApp la tuliosoma pamoja, kila mmoja huitwa kwa mahali alipotua. Leicester ni dada yetu anayefanya kazi katika nyumba ya kulelea wazee. Muscat anauza vipuri vya magari. Minnesota huandika sisi tukiwa tumelala, halafu hulalamika kwamba hatumjibu. Mimi ni Matogoro, kwa sababu sikutua popote: nilipozaliwa ndipo nilipo, chini ya milima unakoanzia Mto Ruvuma.

Sote tumefika umri ambao salamu ni vipimo. Zamani tuliulizana habari za harusi na mpira. Siku hizi mtu akiuliza "mmeamkaje" hujibiwa "148 kwa 92", na mwingine anampa pole. Leicester ndiye anayetusimamia. Tangu Mei, kila siku akitoka kazini, saa moja jioni ya kwake, hutuma neno moja tu: "Mezeni." Kwangu inakuwa saa tatu usiku. Nami nameza. Sikuhitaji saa nyingine, na hata ningehitaji, ile ya ukutani iliishiwa betri tangu Pasaka, na mama watoto hajawahi kuitegemea. Yeye husoma kivuli cha mparachichi.

Mambo yaliharibika Septemba, siku nilipompigia Leicester simu kumweleza juu ya msiba. Huku kulikuwa kumekucha, jogoo amewika, chai iko mezani. Kwake ilikuwa saa kumi usiku. Alipokea akinijibu kwa Kingoni cha bibi yake, maneno ambayo sikuyasikia tangu tulipokuwa tukiiba miwa. Ili nisirudie, nikamwomba mjukuu aliyekuja likizo fupi aniwekee saa ya Leicester kwenye simu. Nilichotaka ni kisaa kidogo, pembeni, kama kile nilichokiona kwenye simu ya padre. Yule mtoto aliihamishia simu yote Uingereza, akanirudishia, akasema "Tayari, babu," akapanda basi la Mbinga.

Ningeweza kumwomba jirani airekebishe. Lakini mwalimu wa hesabu anaanzaje kwenda kwa jirani kuomba msaada wa saa? Isitoshe, sisi Waswahili tulishazoea. Simu inaandika 13, mdomo unasema saa saba, na hakuna mtu aliyewahi kuchelewa chakula cha mchana kwa ajili hiyo. Kila anayesoma simu katika nchi hii anatoa sita kichwani bila kujua kwamba anatoa. Mimi nikakaa na kalamu, nikapata kanuni yangu: toa nne. Simu ikisema 05:00, toa nne, saa moja asubuhi. Ikisema 19:00, toa nne zibaki kumi na tano, ondoa kumi na mbili, saa tatu usiku. Kwa wiki sita nilitembea na kanuni hiyo sikukosa Misa wala mazishi. Nakiri kwamba nilijisikia fahari kidogo.

Jumamosi usiku, tarehe 26 Oktoba, Leicester akaandika kundini: "Leo tunapewa saa moja ya bure."

"Mnapewa na nani?" akauliza Muscat.

"Serikali. Usiku saa zinarudishwa nyuma."

"Na mwezi wa tatu?"

"Wanaichukua."

"Hiyo si zawadi, dada. Huo ni mkopo."

Na kwa Leicester haikuwa hata mkopo, maana usiku ule alikuwa amemshikia mwenzake zamu. Zamu ya saa kumi na mbili ikageuka ya kumi na tatu, na ile ya bure akaifanyia kazi. Kinachomchosha zaidi, alisema, ni asubuhi yake. Wazee wake hakuna aliyewaambia matumbo yao kwamba saa imebadilika. Wanaamka kwa saa ya jana, wanadai uji kwa saa ya jana, na ukiwaonyesha saa ya ukutani wanasema imeharibika. Nilicheka sana niliposoma hayo. Nayakumbuka vizuri macheko hayo.

Minnesota akajitokeza, safari hii tukiwa macho. "Sisi bado wiki nzima. Marekani ni tarehe 3 Novemba."

"Kumbe hata kurudisha saa hamkubaliani siku?" akauliza Muscat, ambaye kwao Oman saa haiguswi mwaka mzima na hilo hulitaja kama mtu anavyotaja ng'ombe wake. Akaongeza kwamba babu yake alihesabu saa kuanzia Magharibi, jua likizama ndipo saa kumi na mbili inapotimia, na alikufa na meno yake yote.

Minnesota hakuwa na hamu ya utani. Akasema kinachomtesa si saa bali giza lake. Wiki ijayo atatoka kazini jioni saa kumi na moja na nje ni usiku, na ataendelea hivyo hadi mwakani. Daktari amemwandikia vitamini D, kamwambia pia atembee nje mchana, jua likiwepo. "Likiwepo," akarudia. Leicester akasema kwao Desemba mchana wote haufiki saa nane. Kundi likanyamaza kidogo. Mtu akatuma picha ya maua.

Hapo ualimu ukanipanda. Nikawaandikia kwamba mambo haya ya kusogeza saa aliyapigia debe mjenzi mmoja wa Kiingereza, William Willett, aliyekereka kuona watu wamelala ilhali jua limeshatoka, akachapisha kijitabu mwaka 1907. Alikufa mwaka 1915 bila kuona saa hata moja ikisogezwa. Waliotangulia kulifanya taifa zima lisogeze saa ni Wajerumani, tarehe 30 Aprili 1916, ili kubana makaa ya mawe wakati wa vita. Wajerumani walewale, nikawakumbusha, waliomnyonga Nduna Songea Mbano hapa mjini Songea mwaka 1906. Miaka kumi tu, wakahamia kwenye jua.

Leicester akauliza kama ni kweli moyo unaathirika. Nikamtuliza: watafiti wa Sweden waliandika mwaka 2008 kwamba mishtuko ya moyo huongezeka kidogo saa inaposogezwa mbele, mwezi wa tatu, lakini inaporudi nyuma, Jumatatu yake hupungua kidogo. Mwili una saa yake ya ndani, nikaendelea, na Wamarekani watatu walipewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2017 kwa kuonyesha jinsi inavyofanya kazi, wakitumia vile vinzi vidogo vinavyozengea ndizi mbivu.

"Nzi wana saa?" akauliza Muscat.

"Wanayo."

"Basi ndiyo maana hawachelewi chakula."

Nikafunga mazungumzo kwa majivuno ambayo leo nayaonea haya. Nikaandika kwamba huku Matogoro siku ndefu na siku fupi za mwaka hazipishani hata saa moja na nusu, kwamba Ruvuma haijawahi kurudi nyuma hata dakika moja, na kwamba mimi saa yangu haijaguswa na mtu. Nikawatakia usiku mwema, nikaweka simu chini ya mto.

Saa kumi alfajiri, simu ikarudi nyuma.

Kwanza nilimlaumu jogoo. Aliwika, nikachungulia simu, nikatoa nne, nikaona ni saa kumi, mapema mno. Nikasema huyu anaumwa. Sikukumbuka kwamba Wajapani wa Nagoya waliwahi kuwafungia majogoo kwenye mwanga hafifu mchana na usiku, nao wakaendelea kuwika kwa saa iliyomo mwilini mwao. Nilirudi kulala. Alamu iliponiamsha, jua lilikuwa limeshapita juu ya kilima. Mama watoto, ambaye ni wa kwaya, alikuwa ameondoka. Nikajieleza kisomi: mwisho wa Oktoba jua huwa limetufuata kusini, linapita karibu kabisa juu ya utosi, lazima lina haraka. Nikaoga, nikapiga viatu rangi, nikashuka kanisani taratibu, nikafika dakika tano kabla ya Misa ya saa kumi na mbili na nusu. Padre alikuwa anasoma matangazo ya ndoa.

Nilipokea baraka, nikatoka na wenzangu.

"Umekuja kuaga?" mama watoto akaniuliza uani.

"Padre siku hizi anaharakisha," nikasema.

Jioni nikafungua redio nisikie taarifa ya habari ya saa mbili, nikakuta taarabu. Nikasikitikia redio. Baadaye "Mezeni" ikaingia, simu ikisema 19:00, toa nne, saa tatu kamili kama siku zote. Hilo ndilo lililonimaliza. Leicester na simu yangu walikuwa wanakubaliana hadi dakika. Aliyekosea, kwa hesabu zangu, ni Songea.

Jumatatu nilitakiwa kliniki saa mbili asubuhi, bila kula chochote tangu saa mbili ya usiku, kwa kipimo cha sukari na presha. Nilipokaribia niliona foleni imejaa hadi barazani, nikashangaa watu wanavyowahi siku hizi. Nikaanza kukimbia. Mtu wa umri wangu. Mlinzi akasema namba za asubuhi zimekwisha, nikamwambia ndiyo kwanza saa mbili, akacheka, nikapandisha sauti, akaitwa muuguzi. Akanifunga kile kitambaa mkononi: 174 kwa 98. Ndipo akaanza kunihoji habari za rais.

"Simu yako hii, babu," akasema, akiigeuza nione, "imeandika 06:10. Hiyo ni saa kumi na mbili."

"Toa nne," nikamwambia.

"Nitoe nne za nini?"

Nikamweleza. Nilianza na msiba wa Septemba, nikapita Leicester, nikafika kwa mjukuu. Benchi lote la wagonjwa lilikuwa kimya, wanasikiliza. Nilipotamka neno "Uingereza," mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akashika mdomo, na baada ya hapo sikusikia tena sauti yangu mwenyewe. Muuguzi alifuta machozi kwa kiwiko, akabonyeza simu mara tatu, akanirudishia. Ilisema 09:17. Akanikalisha nipumzike kwanza, akapima tena: 150 kwa 90. Sukari ilikuwa sawa; saa kumi na mbili za njaa zilikuwa kumi na mbili kweli, ila nilizianza na kuzimaliza kwa kuchelewa. "Kumeza saa moja nyuma hakujakudhuru," akaniambia, "lakini meza kwa saa yako, babu. Usimeze kwa saa ya watu."

Niliwasimulia kundini usiku huo, kwa kuwa mama mwenye mtoto angewafikia kabla yangu. Muscat akauliza ilikuwaje wale wa Sweden waseme Jumatatu hii moyo unapumzika. Leicester akajibu, "Hawakumpima Matogoro." Kisha akaomba radhi, na tangu siku hiyo "Mezeni" hunifikia saa nne nikiwa nimeshameza.

Jumanne nikanunua betri. Nikapanda kwenye kigoda sebuleni, saa ya ukutani mkononi, nikauliza kwa sauti ni saa ngapi. Mama watoto alikuwa uani anachambua maharage. Hakuinuka. Alitazama kivuli cha mparachichi, akasema, "Weka tisa na robo."

Nikachungulia simu. Ilikuwa tisa na dakika kumi na saba.

Nikaweka na robo.