Sifa za Asiyenyamaza Kibandani

Kuna mtu anayestahili benchi la mbele katika kila kibanda umiza cha Tukuyu, huku Rungwe, na kwa kawaida ameshalikalia kabla hujatoa kiingilio chako. Ndiye yule ambaye binti kwenye picha akishika kitasa cha mlango, humpigia kelele: “Usifungue, we mtoto!” Binti anafungua. Anauawa. Naye hugeuka nyuma, akatutazama sote tuliobaki hai, akasema: “Si nilisema?” Wastaarabu humwona kero. Mimi nimeona nimwandikie sifa zake, maana Lucian aliwahi kumsifu nzi, Erasmus akausifu upumbavu, na huyu bwana ana faida kuliko vyote viwili, hasa picha inapokuwa ile ya vijana wanaoingia msituni wakakutana na mtu mwenye panga.

Picha za namna hiyo hupigwa msituni kwa sababu isiyohusiana na hofu: msitu haudai kodi ya pango. Hakuna jumba la kujenga wala umati wa kulisha, na giza lenyewe huficha kwamba taa zilizopo ni mbili. Friday the 13th ya 1980 ilipigwa katika kambi ya vijana huko New Jersey kwa takriban dola 550,000, ambazo kwa Hollywood ni hela ya chai, ikaingiza makumi ya mamilioni. The Blair Witch Project ya 1999 ilibana zaidi. Daniel Myrick na Eduardo Sánchez waliwapa waigizaji watatu kamera wajipige wenyewe, wakawaacha katika misitu ya Maryland kwa siku nane, na kila siku wakawapunguzia chakula ili hasira zao ziwe za kweli. Ikarudisha karibu dola milioni 250. Mwigizaji wa kuigiza njaa ana bei yake. Wa kunyimwa chakula ni nafuu.

Ila ubahili huacha mapengo. Picha ya namna hii hutufikia ikiwa nusu. Haina sababu ya vijana kuachana usiku wa manane kila mmoja ashike njia yake, haisemi muuaji anakula nini huko porini wala nguo zake anafulia wapi. Mapengo hayo ndiyo ajira ya mtu wetu.

Kazi yenyewe ina ukoo wa heshima Afrika Mashariki. Dar es Salaam, Derek Gaspar Mukandala, maarufu kama Lufufu, alijijengea jina kwa kusimulia picha za nje kwa Kiswahili, akiwatilia waigizaji maneno ambayo wenyewe hawakuwa nayo. Kampala wana wasimulizi wao, waitwao VJ, na katika Who Killed Captain Alex? ya Nabwana I.G.G., iliyotengenezwa mtaani Wakaliga mwaka 2010 kwa fedha zinazosemwa kuwa hazikufika dola 200, VJ Emmie huingilia kati picha ikiendelea, akacheka, akaisifia, akawachokoza waliomo. Dunia iliipenda kwa ajili hiyo. Tofauti ni kwamba hao ilikuwa kazi yao. Wa Tukuyu hutoa kiingilio chake kama sisi, ndipo aanze kazi.

Tena kuna miezi ambayo bila yeye hakuna picha. Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na ikiteremka Aprili juu ya bati la kibanda, spika hata ifunguliwe mpaka mwisho, husikii neno. Binti wa watu anafumbua mdomo tu. Hapo mtu wetu humsemea: anamtaja mama yake, anajuta kuacha shule, anauliza kama Hiace ya mwisho kwenda Mbeya imeshaondoka. Nimewahi kuziona tena baadhi ya picha hizo mahali pakavu, nikasikia walichokuwa wakisema kweli. Ilikuwa hasara.

Lakini sifa yake kuu ni ujuzi. Mkosoaji wa New York atakueleza habari za vivuli na namna kamera ilivyokaa. Msitu ameujua vitabuni. Wa Rungwe ameuacha nyumbani, ng'ambo ya shamba la chai. Kwake panga si silaha. Asubuhi limekata majani ya migomba ya kulisha ng'ombe, mchana limefyeka mpaka wa shamba, na sasa limeegemea ukuta nje kwa kuwa mwenye kibanda hakubali liingie. Basi muuaji anapotokea ukunguni, koti kuukuu, panga mkononi, hatua za polepole, kibanda hakioni shetani. Kinaona mtu aliyechelewa kutoka shamba. “Mpini huo umelegea,” atasema mtu wetu. “Na tangu alinunue hajalitia tupa.” Benchi zima litaitikia kwamba kweli, halijatiwa tupa, na hofu yote iliyogharimiwa dola laki tano na nusu imeishia hapo.

Ukungu nao anautilia shaka, kwa sababu unatoka upande mmoja tu, na unakoma pale anapotaka mpiga picha. Wa Mlima Rungwe haupokei amri. Vijana wakiwasha moto kwa njiti moja, kuni zenyewe zimelala mvuani, hucheka mpaka akakohoa.

The Texas Chain Saw Massacre ya 1974 humpa kazi ya ziada, kwa kuwa wapasua mbao nao wamo kibandani. Hao wanajua kwamba chenso iliyopoa haiwaki kwa kuvutwa mara moja, kwamba hunywa petroli iliyochanganywa na oili, na kwamba anayekimbia nayo vichakani usiku atajikata mwenyewe kwanza. Kisha huja swali zito: kibali kiko wapi? Mlima Rungwe ni hifadhi ya mazingira asilia, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Muuaji wa Texas angeingiza chenso mle, mlio wake ungemfikisha kwa wenye mamlaka kabla hajamwona binti hata mmoja, na shtaka lake la kwanza lingekuwa uvunaji haramu.

Na Blair Witch? Mmoja wa wale vijana anakiri kwamba ameipiga teke ramani ikaangukia kijitoni, na tangu hapo wanatembea mchana kutwa kisha wanajikuta walikotoka. Hukumu ya kibanda hutoka papo hapo: fuateni maji. Kijito cha huku kitakutoa Mbaka au Kiwira. Kiwira utapita nao Daraja la Mungu, na hata ukiwa mjinga wa kupindukia, mwisho utatokea Ziwa Nyasa ukute watu wanauza samaki.

Watu, hasa. Kinachomsumbua kuliko damu ni kukosekana kwa watu. Rungwe huwezi kupiga yowe la pili kabla mtoto mwenye ndama hajatokea migombani akuulize unatoka wapi, na mama yake nyuma yake, mkungu kichwani, akitaka kujua wewe ni wa ukoo gani. Nchi ambayo binti anapiga mayowe saa nzima asijitokeze hata jirani mmoja wa kulalamika kwamba anasumbuliwa usingizi, mtu wetu haiogopi. Anaihurumia.

Hata vijana kuishi mbali na wazee, jambo ambalo katika picha hizi ndilo linaloita panga, hapa lilikuwa utaratibu wa kawaida. Monica Wilson, aliyefanya utafiti Unyakyusa pamoja na mumewe Godfrey miaka ya 1930, ameeleza katika Good Company, kitabu cha 1951, jinsi wavulana wa miaka kama 10 au 11 walivyohamia pembeni mwa kijiji cha baba zao, wakajenga vibanda vyao, na rika hilo likaja kuwa kijiji chenye wake na watoto. Lakini kula, walirudi kwa mama zao, tena kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Muuaji angewapataje? Angejificha kambini jioni nzima na njaa yake, nao wote wako jikoni kwa mama wa mwenzao wanakula ndizi. Mwandishi wa Hollywood angeijua desturi hii, asingepata hata sehemu ya kwanza, achilia mbali ya nane.

Msomaji wa mjini atasema huyu anajifanya mjuaji tu. Akaulize habari za kipunji. Wawindaji wa Rungwe walikuwa wakimtaja kima huyo miaka na miaka, na waliowasikiliza hawakuwa na hakika kama wanaambiwa habari za mnyama au za mzimu. Mwaka 2003 watafiti wakiongozwa na Tim Davenport wakamwona. Mwaka 2005 akatangazwa katika jarida la Science. Mwaka 2006 ikaonekana hafanani vya kutosha na jamaa zake, akapewa jenasi yake peke yake, Rungwecebus. Maoni ya watu ambao hakuna aliyewauliza yamo sasa katika vitabu vya zoolojia, kwa Kilatini.

Kasoro zake sizifichi, kwa kuwa nazo nimezihesabu miongoni mwa sifa. Husema mwisho wa picha mwanzoni: huyu anakufa, huyu anakufa, yule wa miwani atafia chooni. Wanamlaumu, lakini mwenye ng'ombe wa kukamua ameshajua aondoke saa ngapi. Huwakemea watoto wanaochungulia kwenye tundu la bati, kwamba picha hii si ya umri wao, maana Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 ina bodi yake na bodi ina madaraja yake. Kisha, kupitia tundu hilo hilo, huwasimulia yanayoendelea ndani.

Wala si kwamba haogopi. Mwalike kesho mkashuke wawili kwenye Ziwa Ngosi, kule kreta ya Milima ya Poroto, usikie udhuru wake: goti linauma, kuna kikao cha ushirika, na maji yale, inasemekana, hubadilika rangi. Filamu kama Nsyuka ya Mussa Banzi, yenye jina ambalo Mnyakyusa hahitaji kutafsiriwa, humteremsha sauti mpaka karibu tukawasikia waigizaji. Panga la Mmarekani ana tupa ya kulipimia. Mfu anayerudi hana kipimo chake.

Siku hizi anatishiwa na simu. Kijana wa bodaboda huangalia picha nzima kijiweni, vipokea sauti masikioni, akaogopa peke yake bila mtu wa kumwambia kwamba mpini umelegea. Namhurumia zaidi kuliko wale wa Maryland.

Kibandani kesi bado inasikilizwa, na iliyochukua muda kuliko zote ni ya Mama Voorhees wa Friday the 13th. Mwanawe alizama ziwani kwa uzembe wa waliopaswa kumtazama, naye akaanza kuua vijana wa kambi. Wapo wanaosema alikuwa na haki ya kukasirika. Wapo wanaosema deni alishalilipiza tangu wale wawili wa kwanza, kambi ilipofungwa, na hawa wa baadaye ni vibarua waliokuja juzi na hawajui habari. Mtu wetu ana msimamo wa tatu: kosa ni la mwenye kambi, aliyeifungua tena bila kwenda kwanza na wazee nyumbani kwa mama wa marehemu. Mwenye kibanda ameshazima deki na anataka tutoke ili wa saa mbili waingie. Hakuna anayesogea, kwa kuwa babu mmoja wa benchi la nyuma ndiyo kwanza ameuliza siku ile mtoto alipozama zamu ilikuwa ya nani.